Uji Ukidondoka Kijikoni, Urudishe Jikoni

Kamwene. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii katika kijiji kimoja cha Mufindi, mkoani Iringa, mwaka wa kumi na moja sasa, na ni mama wa watoto wanne. Napita nyumba kwa nyumba na begi lenye ukanda wa kupimia mkono, daftari, na kijiko kimoja cha chakula. Kijiko hicho hakimo katika vifaa tulivyogawiwa. Nilikiongeza mwenyewe, na sababu yake mtaiona mbele.

Wageni wakija huku hushangaa. Mvua tunayo, mahindi yanajaa ghalani, viazi mviringo tunapanda na kuvuna, maparachichi yanaanguka mpaka nguruwe wanayachoka. Halafu utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ukatoka na kusema Iringa inaongoza nchi nzima kwa udumavu, yaani watoto kuwa wafupi kuliko umri wao: karibu watoto 57 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano, wakati wastani wa taifa ni 30. Chakula kipo. Tunachokosa ni muda wa mama na uzito wa uji, na hayo mawili nitayasema mpaka mnichoke.

Saa ya kwanza

Mwanangu wa kwanza nilimzaa nina miaka kumi na tisa. Yale maziwa ya mwanzo, mazito, ya njano, niliambiwa ni usaha wa ujauzito, niyakamue nikamwage nyuma ya nyumba. Nikamwaga. Siku tatu mtoto akanyweshwa maji ya moto yenye sukari na dawa ya mchango iliyochemshwa kwenye kisufuria. Wiki ya pili alikuwa anaharisha, macho yameingia ndani. Alipona, ni mtu mzima sasa, anaendesha bodaboda Mafinga. Lakini mpaka leo nikiona dang'a kwenye titi la mzazi, mkono wangu unakumbuka.

Dang'a ndiyo chanjo ya kwanza ya mtoto. Ni kidogo kwa sababu tumbo lenyewe ni dogo: siku ya kwanza linabeba kama kijiko kimoja cha chai. Kwa hiyo mtoto akishafutwa, alazwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja kwa khanga na blanketi, na anyonye ndani ya saa moja. Huku kwetu mwezi wa sita na wa saba baridi inakata masikio. Kifua cha mama kinampa joto kuliko jiko la mkaa, ambalo usiliingize chumbani kamwe.

Bibi akisema koo la mtoto limekauka, apewe maji, usibishane naye. Mwambie kwa heshima kwamba katika kila vikombe kumi vya maziwa ya mama, karibu tisa ni maji matupu. Maji tayari yamo. Ya kisimani yanaleta wadudu, na yanajaza nafasi ambayo maziwa yangekaa. Miezi sita kamili mtoto hapewi maji, uji, glukosi wala dawa ya mchango. Dawa iliyoandikwa na mganga wa zahanati, hiyo mpe.

Kumweka mtoto kwenye titi

Mama wengi wanaoniambia "chuchu zimechanika" nikiwaangalia wakinyonyesha, naona mtoto ameshika chuchu peke yake kama mtu anayevuta mrija wa ulanzi, ile pombe ya mianzi. Titi halinyonywi hivyo. Mtoto anatakiwa ashike na ule weusi unaozunguka chuchu.

Kaa umeegemea ukuta, miguu imekaa vizuri. Mgeuze mtoto tumbo lake likutane na tumbo lako; kichwa na mgongo viwe mstari mmoja, asinyonye kama anayechungulia dirishani. Shikilia kitako chake pia, usishike shingo peke yake. Gusa mdomo wake wa juu kwa chuchu, usubiri. Usimsukume. Atapanua mdomo kama anapiga mwayo, na hapo ndipo umlete kwenye titi haraka; mtoto ndiye anayefuata titi, mama asiiname kulipeleka. Akishika sawasawa utaona kidevu kimegusa titi, mdomo wa chini umebinuka nje, mashavu yamejaa, na weusi unaobaki juu ya mdomo ni mwingi kuliko wa chini. Anavuta taratibu, anameza, anapumzika. Ukisikia sauti ya kubusu-busu, au ukaumia baada ya mivuto michache ya kwanza, ingiza kidole kidogo pembeni ya mdomo wake, mtoe, uanze upya. Hata mara tano. Kuvumilia ndiko kunakochana chuchu.

Amalize titi moja kabla hujamhamisha, kwa sababu maziwa ya mwanzo ni mepesi na ya mwishoni ndiyo yenye mafuta. Anyonye kila anapotaka, mara nane mpaka kumi na mbili kwa siku, usiku ukiwemo. Usiku ndipo mwili unapotengeneza kichocheo cha maziwa kwa wingi, kwa hiyo mama anayemnyima mtoto usiku ili alale, mwezi ujao ananiambia maziwa yamekauka.

Chuchu ikishachanika, paka matone ya maziwa yako mwenyewe, acha ikauke kwa hewa, rekebisha mkao. Titi likijaa likawa gumu kama jiwe, kandamiza kitambaa cha uvuguvugu, kamua kidogo lilainike, umnyonyeshe. Kuacha kunyonyesha ndiko kunakoleta jipu. Ukiwa na homa na sehemu ya titi imekuwa nyekundu, nenda zahanati siku hiyohiyo na uendelee kunyonyesha.

"Maziwa yangu hayatoshi"

Sentensi hii naisikia kila wiki. Mara nyingi inaanzia kwa jirani: mtoto analia, jirani anasema ana njaa, kesho uji unapikwa, na mtoto ana miezi mitatu.

Mtoto analia kwa mambo mengi: baridi, nepi, usingizi, kutaka kubebwa. Kabla hujalaumu titi, hesabu mkojo. Akikojoa mara sita au zaidi kwa siku, mkojo hauna rangi kali, na mstari wake kwenye kadi ya kliniki unapanda, maziwa yanatosha. Anaweza pia kunyonya mfululizo siku mbili tatu kwa sababu anakua. Mwache, titi linajazwa na kunyonywa. Uji wa mapema unapunguza kunyonya, na maziwa yanapungua kweli, halafu jirani anasema, "Si nilikwambia?"

Na mama naye ale. Mlo mmoja zaidi ya kawaida yake, na anywe kila akisikia kiu. Togwa tamu isiyolevya ni nzuri. Ulanzi na komoni haviongezi maziwa, nisamehewe na shangazi zangu wote. Pombe inafika kwenye maziwa, na kileo kinazuia yasishuke vizuri.

Huku kuna lingine: kwamba mama akitoka shambani maziwa yake yamechomwa na jua, au "yamelala", hivyo ayakamue amwage kwanza. Maziwa hayaungui ndani ya titi. Nawa mikono, futa jasho, kaa kivulini, nyonyesha. Unayomwaga ni ya mtoto.

Kukamua, kwa wanaokwenda shambani na kwenye chai

Mwezi wa kwanza ni palizi, hakuna anayebaki nyumbani. Shamba likiwa karibu, mbebe mtoto. Ukishindwa, kamua asubuhi.

Nawa mikono kwa sabuni. Kikombe chenye mdomo mpana kioshwe na kumwagiwa maji yaliyochemka. Weka kidole gumba juu ya titi na vidole vingine chini, nyuma kidogo ya weusi, si kwenye chuchu. Bonyeza kuelekea kifuani, kisha minya, achia. Bonyeza, minya, achia. Mwanzoni hakitoki kitu, usikate tamaa. Zungusha vidole pande zote za titi, hamia la pili, rudi la kwanza. Kazi nzima ni dakika 20 hadi 30. Funika kikombe, weka mahali pa baridi. Yanakaa saa sita mpaka nane bila kuharibika, na baridi ya Mufindi hapo ni rafiki. Yasichemshwe, kikombe kiwekwe ndani ya bakuli la maji ya moto mpaka yapate uvuguvugu.

Anayebaki na mtoto amnyweshe kwa kikombe. Mtoto akae wima mapajani, ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini, yeye mwenyewe aramberambe. Usimmiminie. Chupa yenye chuchu ya mpira sitaki kuiona: haisafishiki kwa maji yetu na kuni zetu, na mtoto akiizoea analikataa titi.

Kwa mama walioajiriwa kuchuma chai: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya uzazi ya siku 84, 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na ukirudi kazini unaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha, ndani ya muda wa kazi. Msimamizi akikuambia hakuna kitu kama hicho, nenda na mwenzako, usiende peke yako.

Mama anayeishi na VVU naye ananyonyesha. Anywe dawa zake kila siku bila kuruka, mtoto apewe dawa yake ya kinga kama kliniki ilivyoelekeza, na kwa miezi sita ya kwanza asichanganyiwe chochote. Kuchanganya maziwa ya mama na uji au maji katika umri huo kunakwaruza utumbo wa mtoto na kufungua mlango wa maambukizi. Tarehe za kumpima mtoto zisipite.

Sasa kijiko

Miezi sita kamili ni siku 180. Kama alizaliwa mwanzoni mwa Machi, anaanza kula mwanzoni mwa Septemba. Kabla ya hapo utumbo haujawa tayari. Ukichelewa, madini ya chuma aliyotoka nayo tumboni yanakuwa yamepungua na maziwa peke yake hayafidii.

Nikiingia jikoni naomba nione uji wa mtoto. Nachota kwa kijiko changu, nakiinamisha. Uji ukikimbia kama maji, nasema, "Mama, huu urudi jikoni." Ukibaki umeshikamana, unadondoka kwa kivivu, nakubali. Hicho ndicho kipimo, hata asiyejua kusoma anakitumia.

Sababu yake ni hesabu. Tumbo la mtoto linabeba kama mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo nane anajaa kwa mililita 240, ndicho kikombe cha robo lita. Ukimjaza kwa uji wa kijiko kimoja cha unga, ameshiba maji. Atalala, utafurahi, na mzani utakuumbua. Hiki ndicho kinachodumaza watoto wetu katika nyumba zenye gunia kumi za mahindi.

Uji wangu ninaofundisha: kikombe cha robo lita cha maji, vijiko vitatu vya chakula vya unga wa dona vilivyojaa. Koroga unga kwa maji baridi kidogo, mimina kwenye yanayochemka, acha utokote vizuri usiwe mbichi. Mwishoni weka kijiko cha karanga zilizokaangwa na kutwangwa siku hiyo, au maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, na kijiko cha chai cha usipa wa unga. Usipa, yaani dagaa, ule unaopanda malori kutoka Ziwa Nyasa. Unaoshwa, unakaushwa tena, unasagwa na vichwa vyake. Mtoto hajui kama kuna kichwa. Sukari siweki.

Kuhusu ule "unga wa lishe" unaochanganywa mahindi, mchele, ngano, mtama, soya, karanga na dagaa, ukasagwa vyote pamoja na kuwekwa kwenye ndoo miezi mitatu: siupendi, na nimegombana na wauzaji kwa hilo. Nafaka nne ni kundi moja tu la chakula limejirudia. Soya inataka kuiva zaidi ya mahindi. Karanga zikisagwa na kukaa zinachacha mafuta, na zikiwa na ukungu zinabeba sumukuvu ambayo haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumu hiyo. Chambua karanga na mahindi kwa mkono. Yenye ukungu, iliyosinyaa au iliyobadilika rangi tupa, na usimpe kuku.

Kimea, kazi ya bibi

Uji mzito una shida moja: mtoto wa miezi sita unamkwama. Dawa yake bibi zetu wanaijua tangu zamani, ila wao waliitumia kwa pombe.

Chukua kilo moja ya ulezi, upepete, uoshe, uloweke usiku mmoja. Asubuhi chuja, tandaza kwenye ungo safi, funika kwa kitambaa kibichi, nyunyizia maji asubuhi na jioni. Siku mbili au tatu unachipua. Huku kwenye baridi weka karibu na jiko, na inaweza kuwa siku nne. Vijimizizi vikifika urefu wa punje ya mchele, anika juani mpaka ukauke kabisa, sugua kwa viganja machipukizi yatoke, saga. Ukiona ukungu, usitumie.

Pika uji mzito kabisa, hata vijiko vinne vya unga kwa kikombe. Epua, uache utulie dakika chache usiwe wa kuchemka, maana moto mkali unaua nguvu ya kimea. Weka kijiko kimoja cha kimea, koroga. Mara ya kwanza mama wote hupiga kelele: uji unalegea mbele ya macho yao kama umeongezwa maji. Haujaongezwa kitu. Kimea kimekata wanga vipandevipande, unga wote umo humohumo. Rudisha motoni uchemke kidogo kuua wadudu, kisha poza.

Nilipoanza kufundisha hili bibi wengi waliokuwa wanapinga kazi yangu walinyamaza, kisha wakaanza kunisahihisha. Mmoja aliniambia ninaloweka kupita kiasi. Alikuwa sahihi. Tangu hapo kimea cha kitongoji chake anatengeneza yeye.

Kiasi, na vingine vya kuongeza

Anza na vijiko viwili vitatu vya chakula, mara mbili kwa siku, baada ya kunyonya. Polepole panda, ufike nusu kikombe cha robo lita na mara tatu. Akifika miezi tisa mpe nusu kikombe mara tatu au nne, na kitafunwa katikati kama kipande cha papai au ndizi. Mwaka mmoja na kuendelea anakula robo tatu ya kikombe mpaka kikombe kizima, mara tatu au nne, na vitafunwa viwili. Maziwa ya mama yanaendelea muda wote huo mpaka miaka miwili au zaidi.

Uji usiwe chakula chake pekee. Ponda kiazi mviringo na maharage yaliyoiva na kuchujwa maganda, ongeza majani ya maboga au mnafu uliokatwa laini na tone la mafuta. Parachichi halihitaji hata kupikwa: robo yake iliyopondwa ni mafuta mazuri. Nimeona nyumba zinauza kreti kumi za maparachichi halafu zinamnunulia mtoto biskuti na soda. Yale yaliyokataliwa na mnunuzi kwa sababu ya ngozi kukwaruzika, ndani ni mazima, mpe mtoto. Viazi lishe vya rangi ya chungwa, karoti na papai vinampa vitamini A. Kila akipikiwa, jiulize: kuna nafaka au kiazi? Kuna kunde? Kuna kitu cha mnyama? Kuna mboga, kuna tunda? Kikikosekana kimoja asubuhi, kiwepo jioni.

Maini yakipatikana, hata kipande cha ukubwa wa kidole gumba, ya kwanza kuonja ni mtoto wa miezi saba, si baba. Hili linaniletea ugomvi, lakini nalisema.

Mayai je? Nimeambiwa mtoto akila yai atakuwa mwizi, atachelewa kusema, hataota nywele. Ukichimba unakuta sababu halisi: mayai yanauzwa kununua sabuni na chumvi. Naelewa. Basi fanya hivi: chagua tetea mmoja, mfunge uzi mwekundu mguuni, aitwe kuku wa mtoto. Mayai ya wengine uza. Ya huyo hayaendi dukani. Yai liive kabisa, lipondwe.

Kuna vitu viwili huku vinaonekana vya neema kumbe vina madhara kwa mtoto. Asali, tuliyojaliwa nayo, isimguse kabla ya mwaka mmoja. Inaweza kuwa na wadudu wanaozalisha sumu ndani ya utumbo wake mchanga na kumlegeza mwili. Chai nayo, najua tunaishi katikati ya mashamba yake, inazuia mwili kufyonza madini ya chuma. Mtoto wa chai ya rangi na kiporo kila asubuhi nitamjua kwa kiganja chake cheupe kabla sijauliza.

Mikono, sahani, na nani anayelisha

Funga kibuyu chirizi, chombo cha kuning'iniza kinachotiririsha maji ya kunawa mikono, mlangoni pa jikoni na pa choo. Uji uliobaki kwenye chupa ya chai tangu asubuhi, sasa uko vuguvugu, usimpe saa nane mchana: vuguvugu ndiko bakteria wanakozaliana. Chakula kilichokaa zaidi ya saa mbili bila moto wala baridi ni cha kumwaga. Pika kidogo mara nyingi, au mwachie anayelea unga uliopimwa tayari kwenye kikopo.

Mtoto awe na bakuli lake. Akila sinia moja na kaka zake watano hutajua kama amekula vijiko viwili au ishirini. Na tuache ile ya kumlaza chali, kumkinga mdomo kwa kiganja na kummiminia uji mpaka apaliwe. Nimemwona mtoto aliyepelekwa hospitali uji umeingia kwenye mapafu. Mkalishe, mtazame machoni, ongea naye, subiri. Akigeuza kichwa, pumzika, jaribu tena. Chakula kipya anaweza kukitema mara nane, ya tisa akakimeza.

Hapa ndipo muda wa mama unapokuja. Kumlisha hivi kunachukua nusu saa, mara tatu kwa siku, na mama huyohuyo anateka maji, anatafuta kuni, analima, anapika. Ndiyo maana siku hizi nikifika nyumbani namwita baba kwanza. Simhutubii. Namwuliza maji ya leo yameletwa na nani.

Na kuna jambo la kubemenda, ambalo vijana wananiuliza kwa aibu nikiwa naondoka, pale mlangoni. Kwamba wazazi wakikutana kimwili wakati mama ananyonyesha, mtoto ataharibika. Mbegu za baba haziingii kwenye maziwa. Kinachomdhoofisha mtoto ni mimba nyingine kuja haraka na yeye kuachishwa ghafla. Kwa hiyo ulizeni uzazi wa mpango mapema. Mama anayenyonyesha tu bila kumchanganyia mtoto, usiku na mchana, hajaona siku zake, na mtoto hajafika miezi sita, ana kinga kubwa. Moja ya hayo matatu likikatika, kinga imekatika.

Akiugua

Mnyonyeshe zaidi, si pungufu. Anayeharisha apewe chumvichumvi za ORS na zinki kutoka zahanati, na chakula laini kidogokidogo mara nyingi. Akipona, mwongezee mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili arudishe alichopoteza. Wasikudanganye kwamba ana "meno ya plastiki" yanayotakiwa kung'olewa, au kimeo cha kukata. Wembe wa huyo mtaalamu umeshapita vinywa vingapi?

Usisubiri hata kesho kama hawezi kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea, ana degedege, au anapumua kwa shida. Ukanda wangu wa mkono, kuanzia miezi sita, ukisoma chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, tunaondoka pamoja kwenda kituoni. Kati ya hapo na 12.5 ni njano, nitakuja kwako kila wiki. Miguu ikivimba pande zote mbili, usiangalie ukanda, twende. Na kadi isikae sandukuni: mwezi Juni na Desemba kuna matone ya vitamini A na kupimwa, mlete hata kama amenona.

Kuachisha

Huku wanapaka shubiri au pilipili kwenye titi, au mtoto anapelekwa kwa bibi yake wiki mbili, akirudi akute titi "limekufa". Anakosa maziwa na mama siku moja. Mimi nashauri ukishafika miaka miwili upunguze moja moja. Ondoa kwanza la mchana, kwa kumpa tunda au kumtoa nje acheze. Baada ya wiki, ondoa la asubuhi, awe anakuta chakula tayari. La usiku liwe la mwisho, na baba amlaze yeye siku za mwanzo.

Kitinda mimba wangu nilikuwa bado sijamwondolea la usiku. Alikuwa na miaka miwili na miezi mitatu. Jioni moja alikaa mlangoni akiwatazama wana mbuzi wakinyonya wamepiga magoti, akanigeukia, akasema yeye si mbuzi, na akaomba kande.